Jani la Safari za Miguu

— Huu ni mto, nakwambia! Mto na vijito vyake!

— Mto gani unaoanzia kwenye cherehani? Huu ni mti, Spoku. Shina hulioni?

— Wewe Mhuri, tangu ustaafu hata mti umeusahau.

Spoku, fundi baiskeli, na Mhuri, karani mstaafu, walikuwa wakibishania kipande cha katoni kilicholala kati yao, kwenye benchi lililo nje ya duka la fundi cherehani. Fundi cherehani huyo ndiye Sentimita, mtu asiyekata uzi bila kuupima, na birika la kahawa lilikuwa lake. Michoro ya mkaa kwenye katoni ilikuwa ya mpwa wake, msichana wa miaka kumi na sita waliyembandika jina la Miguu, maana tangu aache shule, mwaka wa pili sasa, hakuna aliyewahi kumwona amekaa. Kesho saa kumi linaanza darasa la jioni la walioacha shule. Alipoomba ruhusa, mjomba alimjibu, "Ukimaliza shughuli, nenda." Lakini shughuli zake hazikuwahi kuisha kabla ya saa kumi na mbili. Basi asubuhi ile alizichora zote, atafute pa kupunguza.

— Si mto wala mti, Miguu alisema huku akimimina kahawa. Ni jani.

Akalaza jani la mpapai kando ya katoni. Wakainama.

— Nilichora safari zangu tu, akaendelea. Kikonyo ni hapa dukani. Mshipa huu bombani, huu kwa dobi, hii midogo nyumbani kwa wateja. Nilipomaliza nikaona jani. Sasa, jani halikimbii hata hatua moja, lakini maji yanafika kila pembe. Nataka kujua linafanyaje.

— Mimi najua, alisema Spoku. Mpapai umesoma. Wanaochora barabara wangepewa majani, leo tusingekuwa na kona hata moja!

— Kinyume chake, alisema Mhuri. Mpapai ndio ulioiga. Hapo kale ulisimama uani, ukamwona mama wa watu akienda bombani, kwa dobi, sokoni. Ukashika. Ndiyo maana wahenga wakasema, mchelea mwana kulia hulia yeye.

— Hiyo inaingiaje hapo? Spoku akauliza.

— Itaingia tu. Kunywa kahawa.

Sentimita akatoa kichwa dirishani, pini mdomoni.

— Nyote mmekosea. Sisi sote ni jani moja kubwa, na kikonyo ni mimi. Nikikatika leo, mtaa mzima unakauka!

— Kikonyo chenye kitambi! Spoku akacheka hadi kahawa ikammwagikia.

Miguu naye alicheka, lakini macho yalirudi kwenye katoni. Jua lilikuwa limeshuka, na bado hajaona pa kupunguza.

Hapo akaja mama mmoja mgeni, na gauni la kufupishwa mkononi. Akasalimia, akatazama jani, akatazama katoni.

— Binti yangu, mbona mishipa hii mitatu inakwenda mahali pamoja?

— Ni duka la vifungo, mama. Kule nyuma ya soko.

— Mara tatu kwa siku?

— Asubuhi vifungo. Adhuhuri uzi. Alasiri zipu.

— Kwa nini visichukuliwe vyote mara moja?

Spoku akamtazama Mhuri. Mhuri akainamia katoni, akaihesabu mishipa upya. Dirishani, Sentimita akatoa tena kichwa. Sentimita hupima nguo nzima kabla ya kutia mkasi, lakini kifungo hukikumbuka sindano ikishafika kwenye kifungo. Benchi zima lilijua hivyo. Miguu alijua kuliko wote, ila hakuwahi kufikiri kwamba hilo ni jambo linaloweza kuulizwa.

Birika likatoa tone la mwisho. Wanaume wakakumbuka kwamba wana makwao, wakaondoka mmoja mmoja. Miguu akakusanya vikombe, akaiokota katoni aende nayo ndani.

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni, futi ikining'inia shingoni. Akaichukua katoni, akaifuata kwa kidole ile mishipa mitatu hadi nyuma ya soko, akarudi hadi kwenye kikonyo.

— Kesho vitu vyote nitavifuata mwenyewe, mara moja, alisema. Saa kumi uwe darasani. Ila hili jani niachie, Miguu, nisije nikapotea.