Tusekile na Mguu wa Hezron

Wasifu wa wazee wetu tulitegemea auandike yeye, maana ndiye aliyekuwa na kalamu nzuri. Leo tunaandika wa kwake, na mikono haiamini.

Dkt. Tusekile Ambakisye alizaliwa tarehe 4 Juni 1987 hapa Ruanda, Mbozi, kifungua mimba wa marehemu Mzee Ambakisye na Mama Marita, wakulima wa kahawa. Alisoma shule ya msingi hapahapa, sekondari Vwawa, kisha udaktari wa mifugo Morogoro, alikobaki kufundisha. Mwaka 2014 alifunga ndoa na Clement Sinkala, mfanyabiashara wa Tunduma, wakajaliwa binti mmoja, Erica.

Mwaka 2018 mwamba ulimwangukia mdogo wake, Hezron, kwenye machimbo ya dhahabu karibu na Mkwajuni, ukamnyofoa msuli wa paja. Tangu hapo Tusekile hakutulia. Maabarani alikuwa akichukua msuli wa ng'ombe na kuuosha kwa dawa mpaka seli zote za mnyama zitoke, kibaki kiunzi cheupe. Juu ya kiunzi hicho alipanda seli hai ili msuli mpya uote.

Krismasi moja alikuja nacho kwenye ndoo, Hezron akione kwa macho yake. Mama akadhani ni utumbo uliooshwa ukatakata, akaanza kukata vitunguu. Tusekile akamshika mkono.

"Mama, hiyo si mboga. Huo ni mguu wa Hezron."

Mama akaweka kisu chini. Tangu siku hiyo aliiombea ndoo ile kanisani bila kuona haya.

Marehemu hakuugua. Jumanne jioni alimpigia Hezron simu, sauti imejaa furaha.

"Sungura wangu wa majaribio amekanyaga kwa mguu wenye msuli mpya. Kwa mtu bado ni mbali, mdogo wangu, lakini magongo mapya ya kutembelea usinunue."

Hezron alicheka, akamwambia akale kwanza, wataongea kesho. Alfajiri ya tarehe 12 Machi 2025 mshipa wa damu ulimpasuka Tusekile kichwani, akafariki kabla ya kufikishwa hospitali. Shemeji Clement alipopiga simu kutoa taarifa, Hezron alimjibu kwamba amekosea namba.

Marehemu ameacha mume, binti, mama, na Hezron, anayesoma wasifu huu. Tulimwandalia kiti, amekikataa. Anataka dada yake amwone amesimama.

Pumzika kwa amani, Tusekile. Ile kesho ya kuongea, Hezron bado anaingoja.