Faili la Shangazi Yenu

Sogeeni wanangu, na wewe kifungua mimba zima hiyo feni, sauti yangu haina tena ubavu wa kushindana nayo. Chumba cha usanifu na mashine zake nimekwisha kuwagawia kwa maandishi. Leo nawaachia lililonishinda kuandika, maana mficha maradhi kifo humuumbua.

Ile nembo ya maktaba, mikono miwili inayofungua kitabu, iliyonipa jina mpaka mkaitwa watoto wa Fundi Nembo, si kazi yangu. Ni ya shangazi yenu.

Kazi yetu mnaijua. Faili likiwa bado na tabaka zake ni kama karatasi za nailoni zilizopangwa moja juu ya nyingine, maandishi peke yake, rangi peke yake, kivuli peke yake. Ukitaka kusahihisha herufi waigusa hiyo bila kuumiza nyingine. Ukiziunganisha, inabaki picha bapa ya kutazamwa tu, na aliyeichora hana tena pa kushika. Ndivyo nilivyomfanyia. Wiki aliyokuwa akimuuguza mama yetu, niliingia kwenye kompyuta yake, nikalichukua faili lenye tabaka, nikalitia jina langu, nikamwachia picha bapa.

Wasimamizi wa maktaba walipotuita, kila mmoja wetu akidai nembo ni yake, mmoja wao akasema mwenye kazi na afungue tabaka. Nikafungua mimi. Wakamwona mwongo, nami, ndugu yake wa tumbo moja, nikainamisha kichwa kana kwamba namwonea haya yeye. Njiani aliniambia neno moja tu: "Kaka, hata hukuniuliza ile mikono ni ya nani." Hakuchora tena. Miaka ishirini na miwili anashona mapazia, nanyi mwadhani ni kiburi kinachomzuia kuvuka kizingiti chetu.

Tulipokwisha kumzika mama ndipo nilipoona, chini kabisa ya lile faili, tabaka moja ambayo dada yangu aliizima isionekane. Nikaiwasha. Mikono ya mama kwa penseli, kidole kimoja kimepinda, na tarehe kwa mwandiko wa shangazi yenu. Ningeweza kumrudia siku ile ile. Nikaizima tena, wanangu, na tangu hapo kila anayeniamkia kwa heshima ananichoma.

Sasa shikeni. Faili limo kwenye diski, droo ya juu. Msiunganishe kitu, wala msifute jina langu. Aone mwenyewe nilivyofanya. Mpelekeeni nyote wawili, kabla sijazikwa, si baada. Kisha mkaseme maktaba, mbele ya watu, kile kibao chenye jina langu chini ya nembo king'olewe. Kitinda mimba, usilie kwamba baba ataaibika. Nimeaibika zamani, ila nilikuwa peke yangu. Akikataa kuja kunizika, msimlaumu. Akitaka kurudi kazini, kiti changu ni chake.

Nipeni maji... Basi, yatosha. Mungu awape mikono isiyochukua cha mwenzake. Nimewaridhia, nyote wawili... Mwambieni... hapana. Msimwambie kitu. Mpeni tu... afungue mwenyewe.