Sampuli ya Lamuriaki

Ndani ya Noah ya abiria iendayo Ngaramtoni, Agnela, mtaalamu wa lishe, alimwamkia bibi aliyepakata kopo la lamuriaki, vile vitunda vyeusi vya porini.

"Marahaba, mwanangu. Nampelekea mkwe wangu, amejifungua. Yanaongeza damu."

"Damu inataka madini ya chuma, bibi. Humo yamo kiasi gani? Lazima yapimwe."

"Nimezaa tisa nikiyala haya. Unataka kipimo gani kingine?"

"Nipe kidogo nipeleke maabara."

Bibi akammiminia kiganja tele. Agnela akaonja kimoja, kwa ajili ya utafiti tu. Cha pili kilikuwa cha kuhakikisha cha kwanza. Gari liliposimama, kiganja kilikuwa kitupu.

"Bibi, niongeze sampuli."

"Shuka, mwanangu. Kapimwe ulimi."