Namba 36: Uzi au Utepe

Benchi letu liko Ridge Road, hapa Lackawanna, mbele ya duka la Saleh fundi cherehani. Ukikaa, mgongo unaegemea kioo chenye picha ya suti, macho yanatazama kule palipokuwa na kiwanda cha chuma. Kahawa ni ya Saleh, chungu, ya tangawizi, kama walivyoipika wazee wake Yemeni. Inatoka kwenye chupa moja kubwa, na ikiisha, imeisha, mkutano umefungwa. Jumanne hiyo ya mwisho wa Agosti tulikaa tangu saa saba mchana tukiingoja saa kumi. Saa kumi ndiyo saa ambayo timu yetu ya mpira wa Kimarekani, iliyoanza na wachezaji tisini, ilitakiwa kubaki na hamsini na watatu. Waliobaki nje hupigiwa simu, huambiwa warudishe daftari la mbinu, na ikifika jioni ni watu wa kawaida kama sisi. Katika hao tisini alikuwamo Ezra Tolliver, namba 36, mbeba mpira kutoka chuo kidogo cha Kansas, aliyechaguliwa raundi ya saba na ya mwisho timu zilipogawana vijana wa vyuo, mtu wa mia mbili arobaini na nane kati ya mia mbili hamsini na saba.

Kazi ya mbeba mpira haina siri. Unapachikwa mpira tumboni, unaambiwa upite katikati ya watu kumi na mmoja wanaotaka ulale chini. Tolliver alikuwa amepita mara moja. Ijumaa, mechi ya mwisho ya majaribio, mvua inanyesha, alipasua yadi arobaini na moja mpaka mwisho wa uwanja. Kwa mbio hizo za mara moja tulikuwa tumeishi siku nne.

Aliyeishi zaidi yetu ni Duane Kosik, miaka sabini na mmoja, ambaye hapa kijiweni tunamwita Utepe. Katika mji wetu jezi haitupwi kwa sababu mwenye jina ameondoka. Unabandika utepe wa gundi juu ya jina la zamani, unaandika jipya, unakwenda uwanjani. Lakini wengine huandika majina ya mastaa. Duane kila mwaka huandika jina la yule asiyetarajiwa na mtu, na kwa kuwa namba 36 ndiyo hupewa watu wasio na uhakika, hajawahi kuhitaji jezi nyingine. Majina kumi na moja yalikuwa yamelala moja juu ya jingine mgongoni, mgongo umekuwa mgumu kama ubao, na wote kumi na mmoja walikatwa kabla ya Septemba.

Safari hii aliapa. Ijumaa ile ile, mbele yetu, maji ya mvua yakimtoka kwenye kofia, alisema Tolliver hatabandikwa. Tolliver atashonwa, kwa uzi, herufi kwa herufi, na atashonwa kabla ya saa kumi.

— Kwa nini usingoje orodha? nilimuuliza.

— Imani ya baada ya orodha si imani. Hilo ni gazeti.

Saleh alikuwa na sharti moja tu. Sindano haipiti kwenye utepe, inavunjika. Yabanduliwe yote kumi na moja, ndipo ashone. Kwa hiyo tangu saa saba Duane alikuwa na jezi mapajani, anabandua kwa kucha, anaviringa vipande na kuvipanga pembeni yake kwenye benchi. Miaka ilikuwa inarudi nyuma mmoja mmoja.

Wakati huo Profesa alikuwa anapiga hesabu. Jina lake ni Lonnie Gaines, anaendesha basi la shule, na uprofesa aliupata kwa kubeba daftari. Alitueleza kwa upole, kama mtu anayeeleza njia ya posta, kwamba yadi arobaini na moja kwa kila mpira, mipira kumi na tano kwa mechi, mechi kumi na saba, ni yadi elfu kumi mia nne hamsini na tano kwa msimu.

— Rekodi ya ligi nzima ni elfu mbili na kidogo, alisema Carmine.

— Ndiyo maana nagawa kwa mbili. Lazima tuweke nafasi ya majeraha.

— Na kasi yake? Wanasema kwa mbeba mpira ni mzito kidogo.

Carmine Fusco, ambaye ndiye aliyeuliza, ndiye pia aliyejijibu. Tunamwita Padri, kwa sababu aliwahi kutumikia altare akiwa na miaka tisa na tangu hapo anasoma ishara.

— Lakini haraka haraka haina baraka, alisema.

— Padri, kazi ya huyu mtu ni kukimbia, nilimwambia.

— Basi akimbie kwa baraka.

Padri aliendelea. Alikuwa amesoma mahali kwamba baba yake Tolliver ni mpeleka barua, na kwake hilo lilimaliza ubishi. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Baba amefukuzwa na mbwa miaka thelathini, akiwa na mzigo begani, kwenye majani ya watu, penye baiskeli za watoto zilizoachwa ovyo. Damu kama hiyo inajua kukwepa hata ikilala. Timu nyingine hutafuta watoto wa wanariadha. Wangekuwa na akili wangekwenda kusimama nje ya posta.

Profesa aliliandika hilo la posta kwenye daftari.

Kisha zikaja sababu za kocha. Katika mechi tatu za majaribio Tolliver alipewa mpira mara tisa tu, na mtu wa nje angesema ni kwa sababu hawamtaki. Profesa alimhurumia mtu huyo wa nje. Tisa ni ushahidi. Ukiwa na almasi unaivaa sokoni? Kocha anamficha. Padri akasema anamfichaje, mbona alimwachia Ijumaa apasue mbele ya kamera? Profesa akasema hapo alimponyoka, na ndiyo sababu kocha alionekana amenuna.

— Alinuna kwa sababu alikuwa amelowa, alisema Saleh kutoka mlangoni, chupa mkononi.

— Saleh, wewe mimina kahawa.

Padri naye akapanda juu zaidi. Huenda, alisema, wakamficha mpaka wamkate. Wanamkata leo, timu nyingine zinadanganyika, kesho wanamrudisha kimyakimya kwenye kikosi cha mazoezi, na Novemba, theluji ikianguka, wanamfungulia. Kwa hiyo jina lisipoonekana kwenye orodha tusishtuke.

— Subiri nikuelewe, nilisema. Akibaki, ni mzuri.

— Ni mzuri.

— Akikatwa?

— Ni mzuri mno.

Hakuna aliyecheka, maana kwa mji unaojua zaidi kufika fainali kuliko kuzishinda, lilikuwa wazo lenye faraja. Saleh tu ndiye aliyemimina kikombe cha Padri, akauliza kwa sauti ndogo kama wale waliokuwa wakimkaba Tolliver siku ya Ijumaa leo wapo kazini. Tulijua jibu. Walikuwa watoto wa raundi ya saba wa timu nyingine, nao wakati huo walikuwa wamekaa mahali wakitazama simu zao. Profesa alifuta tone la kahawa lililoangukia kwenye hesabu.

Saa tisa na nusu Duane alikuwa amebandua majina kumi. Likabaki moja, la chini kabisa, ndipo kucha zake zikapunguza mwendo.

Wote tulilijua. Kumi ya juu aliyaandika mwenyewe kwa kalamu nene, herufi zinapinda kama uzio uliogongwa na gari. Hili la chini lilikatwa na mkewe, Dolores, kwa mkasi wa jikoni, kwenye utepe mweupe, kila herufi peke yake, B na ile R zikiwa na matumbo ya mviringo. BRIGGS. Briggs alidumu siku tisa. Dolores alicheka mpaka akakaa chini, akamwambia mumewe abandike mwingine juu yake, mji huu una utepe mwingi kuliko wabeba mpira. Majira manne ya baridi yamepita tangu tumzike.

— Utepe huu mgumu, alisema Duane.

Haukuwa mgumu. Pembe ya G moja ilikuwa imeinuka yenyewe.

— Bandua, mzee wangu, alisema Padri taratibu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Mvungu gani, Carmine?

Padri akaangalia barabara. Saleh akasema yeye hana haraka, cherehani iko tayari, uzi mweupe umeshatungwa, lakini juu ya huo utepe hawezi. Duane akasema anajua. Aliapa mbele ya watu, na Tolliver anastahili uzi. Mtu mmoja lazima aonyeshe kwamba anamwamini yule kijana bila kuacha mlango wa kutokea. Aliyasema hayo huku kidole gumba kikiirudisha chini ile pembe ya G, kinaibana, kinaibana tena.

Ndipo akaja mwanamke ambaye hajawahi kusimama hapa kijiweni. Alikuwa mfupi, amevaa aproni chini ya sweta, kabichi mbili kwenye mfuko. Padri alimfahamu kutoka kanisani. Ni Bi Halina Wrobel, mjane, anayepangisha chumba cha juu mtaa wa pili.

— Nimeambiwa hapa ndipo kwa wajuzi wa mpira, alisema.

Tulisogea tumpe nafasi. Hakukaa.

— Huyo Ezra mnayemsema anaishi kwangu, tangu Julai.

Profesa alifunga daftari. Siku nne tulikuwa tumempa yule kijana damu ya baba yake na mwezi wa Novemba, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba analala mahali.

— Yukoje, mama? aliuliza Duane.

— Anaosha sahani yake. Ananisaidia na takataka. Sanduku hajalifungua, nguo anazitoa na kuzirudisha humo humo. Leo asubuhi alikaa kwenye gari uani kwangu saa nzima bila kuliwasha, halafu akaondoka. Aliniambia wakimpigia kabla ya saa kumi, atapitia sanduku na kwenda zake. Wasipompigia, atarudi kula.

— Na wamempigia?

— Ningejuaje? Ndiyo nimekuja kuuliza. Nataka kuweka gołąbki jikoni, kabichi za kukunja na nyama, zinachukua saa mbili. Nipike za mtu mmoja au za watu wawili?

Alituangalia mmoja baada ya mwingine, kwa adabu, kama mtu aliyefika dirisha sahihi la ofisi. Profesa alilifungua daftari, akaiangalia ile elfu kumi mia nne hamsini na tano, akalifunga tena. Padri alianza kusema chelewa chelewa, akaishia hapo.

— Weka sahani mbili, alisema Duane mwishowe.

— Una hakika?

— Sina.

— Sasa?

— Sahani haiozi, mama.

— Kabichi inaoza, alisema Bi Halina.

Hilo nalo lilikuwa kweli. Alisubiri kidogo zaidi, kisha akahamisha mfuko kwenye mkono mwingine. Akasema basi atapika za wawili, na kama yule kijana hatarudi, mmoja wetu aje amsaidie kuzila, si dhambi kula cha mwenzako aliyefukuzwa. Akaondoka kwa mwendo wa mtu mwenye kazi ya saa mbili mbele yake.

Saa kumi iligonga kwenye simu ya Profesa. Simu ikatetemeka juu ya benchi, orodha imetoka, ikatembea kidogo kuelekea kwenye vile vipande vya utepe vilivyoviringwa. Profesa aliifunika kwa kiganja bila kuigeuza. Saleh aliinamisha chupa juu ya kikombe cha Duane. Ikatoka nusu funda na makapi ya tangawizi, halafu basi.

Duane alikuwa bado anaiangalia barabara alikopita Bi Halina. Kisha akaitandaza jezi magotini, akapitisha kiganja juu ya zile herufi sita za Dolores, taratibu, mpaka zote zikalala.

— Saleh, alisema, hapo ndani huna utepe wa kuandikia Tolliver?

Saleh alikuwa nao tayari, mfukoni mwa aproni.