Chemchem Yetu Nyuma ya Utepe

Mugeni wetu wa heshima, Citoyen Commissaire, mukubwa wa serikali, sisi wamama wa mutaa wa Mikelenge tunakusalimu. Karibu Kindu. Tumekungoja sana, na tutakuambia kungoja huko kumetufanya nini.

KAZI TULIYOFANYA

Zamani tulichota maji ya mufereji, na kila musimu wa mvua watoto waliharisha. Kila tulipouliza, tuliambiwa tungoje. Tukachoka. Vijana wa musikiti wakachimba kwenye chemchem. Misioni ikatoa simenti, na munganga wake akatufundisha kuweka choo mbali na maji. Watu wa reli wakaleta bomba la zamani. Wachuuzi wa Kivu, wale ambao watu wanasema wanapenda faida tu, wakasomba mawe na camion yao bure. Sisi tukabeba muchanga kichwani siku za salongo, ile kazi ya lazima ya watu wote. Muislamu na Mukristo tulikula sahani moja. Tukajenga nyumba ndogo yenye mulango juu ya chemchem. Maji yakatoka, safi kabisa!

KILICHOTUUMIZA

Njo pale chef wa commune, serikali ya hapa kwetu, alikuja na utepe na kufuli, akafunga mulango.

“Hakuna kuchota kama mukubwa hajafungua,” akasema.

Mama Sharifa, mumoja wetu, akamuuliza: “Huyo mukubwa iko na kiu kuliko mutoto yangu?”

Tukacheka. Chef hakucheka. “Wamama, muko na kichwa nguvu! Maji haikimbie.”

Ulitangazwa, hukufika. Ulitangazwa tena, hukufika. Mvua ikaanza. Tukarudi kwenye mufereji, na tukipita pale tunasikia maji yetu yakitiririka nyuma ya mulango. Bulaimu, mutoto wa Mama Sharifa, akaharisha. Tukamuzika. Mama yake njo yule mbele yako, anashika ndoo.

Leo tumeamriwa kukuchezea animation kwanza, zile nyimbo na ngoma za kusifu wakubwa. Ngoma ziko pale chini. Tumekataa.

TUNACHOOMBA

Tunaomba ufunguo. Ushikwe na kamati ya wote waliojenga: musikiti, misioni, reli, wachuuzi na sisi. Commune iingie pia, ikae kama mwenzetu, isikae kama mwenye maji. Munganga wa dispanseri ya serikali akuje kufanya kazi na yule wa misioni. Na mukubwa akichelewa siku nyingine, muntu asife kwa kumungoja.

Citoyen Commissaire, mukasi uko kwenye sahani kando yako. Hotuba yako tutaisikiliza, hata ikiwa ndefu. Lakini kata kwanza. Mama Sharifa achote, kisha wewe unywe.

Mungu akupe afya, na sisi asitusahau.

Ni sisi, wamama wa Mikelenge, tuliokuja na ndoo. Amesoma mwenzetu Mwanvua.