Nukta au Kiulizo

Ijumaa, tarehe 28 Juni. Asubuhi imeamka na manyunyu, na mpiga chapa wetu mkuu ameingia na mwavuli wake uleule kwa mara ya mwisho. Baada ya miaka thelathini na nne katika ofisi ya kumbukumbu za upelelezi, leo anastaafu. Kwenye barua za serikali ana jina. Kwetu ni Mama Kiulizo.

Alianza na mashine kuukuu iliyovunjika kitufe cha alama ya kuuliza. Fundi aliombwa, ombi likalala. Basi penye swali alipiga nukta, kisha jioni akazigeuza moja moja kwa kalamu.

Mwaka huohuo, yeye hajathibitishwa hata kazini, mbunge mmoja aliuawa kwa risasi. Ilidaiwa kwamba muuaji alikuwa amemtishia waziri pia. Alipoulizwa na wapelelezi, muuaji alijibu maneno matatu, akafunga mdomo jumla. Mama Kiulizo akaisikiliza kanda ya mahojiano, akapiga: "Na waziri nitamuua." Kabla hajashika kalamu, tarishi alikwisha kuzibeba karatasi.

Mdogo wake muuaji, fundi baiskeli, akawekwa ndani, ikidhaniwa ameachiwa kazi ya kumuua waziri. Mama yao alikuja kila asubuhi kuketi mapokezi, na mwenzetu, Mama Kiulizo, akawa anamwekea kiti pasipo na upepo. Siku moja bibi yule akamweleza kwamba mwanawe mkubwa kaua, hilo hakatai. Lakini huyu mdogo anateseka kwa maneno ya kaka yake. Akayataja. Mwenzetu akayakumbuka kwa sauti yalivyotamkwa.

Nyumbani walimsihi akae kimya: mdomo uliponza kichwa, na kibarua kingeota nyasi. Hakupata usingizi. Kulipokucha akabisha hodi kwa mkuu wa upelelezi.

"Afande," alisema, "ile nukta si ya muuaji. Ni yangu."

Kanda ikasikilizwa upya, mkuu ameinamisha kichwa. Mtu yule alikuwa akiuliza, tena kwa kicheko. Fundi baiskeli akaachiwa. Mwenzetu alipewa barua ya onyo asubuhi na mashine mpya jioni. Mashine ilikwisha kufa. Barua ingali hai kwenye faili lake, na huionyesha kwa kila mpiga chapa mgeni kabla ya kumwonyesha choo kilipo.

Tangu hapo hakuna maelezo yaliyotoka mikononi mwake kabla ya kusomwa kwa sauti. Hata tarishi akitangaza kwamba chai ipo, humuuliza: nukta au kiulizo?

Dada yake anayeishi naye ametusimulia kwamba siku fundi baiskeli alipotoka, Mama Kiulizo alirudi nyumbani, akasukuma sahani pembeni, na ilipofika saa mbili kasorobo usiku alikuwa amelala fofofo, viatu miguuni.

Mama yetu, asante. Tunakutakia maisha mema, na kila siku usingizi kama wa usiku ule. Nukta.