Bi Aselefech Analikabidhi Sanduku la Tileti

Baada ya miaka kumi na miwili ya kulisimamia Sanduku la Tileti, kundi letu la Telegram linalohifadhi picha za magauni ya Kihabeshi, Bi Aselefech Degefa anastaafu tarehe 15 ya mwezi huu wa Tir. Kazi hii haikuwa na mshahara. Kelele ilikuwa nazo.

Alianza kwa kupiga picha tileti, yaani pindo za nakshi, za majirani zake wa Shiro Meda, wafumaji wakimfukuza kwa kudhani anawaibia mitindo. Leo wafumaji hao hao humtumia picha kabla hajanawa uso. Kwake, picha haiingii bila jina la mfumaji, la aliyevaa, na mwaka. Ukituma pindo tupu, mwenye gauni umemkata kichwa, anakuuliza mbele ya watu wote kama gauni lilikwenda harusini peke yake. Mimi nimeulizwa zaidi ya mara moja, na bado naona haya.

Ipo pia sheria yetu kuu: gauni jipya haliwekwi kundini kabla mwenyewe hajalivaa. Wageni husifu busara yake. Busara gani? Ni kosa lake mwenyewe lililomfunza. Kwetu husemwa gauni lisilovaliwa Timkati na liraruke, kwa hiyo sikukuu hiyo ya Ubatizo kila mtu hutoa lililo bora. Kundi likiwa bado changa, Tsehaynesh, rafiki yake wa tangu utotoni, alifumisha la kwake kwa siri. Bi Aselefech akaliona kwa mfumaji, uzuri ukamshinda, akalirusha kundini. Sikukuu ilipofika, uwanja wa Jan Meda ulijaa tileti ile ile. Mmoja wa waliovaa alikuwa wifi ya Tsehaynesh, na hao wawili hawaivi chungu kimoja.

Tsehaynesh akajitoa kundini, na salamu zikakatika. Bi Aselefech alituma wazee, akatuma mikate, akaenda mwenyewe. Akaambiwa mwenye nyumba hayupo, na sauti yake inasikika ndani. Sheria ikatufaa sisi sote, yeye haikumrudishia rafiki. Alipotangaza kustaafu alituambia hana kinyongo wala deni, ila hilo moja linamuuma: kuzeeka mbali na Tsehaynesh.

Juzi, asubuhi ya Timkati, mlango wake uligongwa. Tsehaynesh alikuwa amevaa gauni jipya, na mkononi ameshika jingine, tileti moja, mfumaji mmoja.

“Kama ni lazima niigwe, mwenzangu, niigwe na wewe,” alisema. “Vaa, tunachelewa.”

Wakaenda Jan Meda wameshikana mikono. Gauni la Bi Aselefech lililowa kwa machozi kabla makuhani hawajanyunyiza maji.

Mama, ahsante kwa yote. Tunakuombea afya, usingizi usiokatizwa na simu, na miaka mingi ya kutembea na rafiki yako. Sanduku tutalilinda sisi.

Yodit, kwa niaba ya wasimamizi wenzako